Mume anataka tuhame supamaketi, mimi sitaki. Nani amekosea hesabu?

SWALI: Dada, shikamoo. Naishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, na mume wangu, watoto wetu wawili na dada wa kazi. Kwa miaka sita tumenunua mahitaji ya nyumbani kwenye supamaketi moja iliyo njiani ninapotoka kazini. Mwezi uliopita mume wangu alikusanya risiti zote, akazijumlisha, akapata 780,000. Halafu akaenda mwenyewe kuulizia bei kwenye masoko ya Mabibo na Tandale na kwenye duka la jumla Manzese. Alirudi na karatasi inayoonyesha tukihama tutaokoa 200,000 kwa mwezi. Anataka kila Jumamosi alfajiri twende sokoni sote wawili. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni siku tano za wiki, na Jumamosi ndiyo siku ya kufua, kusuka na kupumzika. Nikamwambia siendi. Akasema nimezoea maisha ya kizungu. Nikamjibu kama hela haitoshi aseme, asinifanye kuli. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya watoto tu. Mshahara wangu ukishakatwa ni 1,400,000, wake ni 1,900,000. Yeye anatoa 500,000 ya chakula, inayozidi naongeza mimi. Mwaka huu kazini kwao bonasi haikutoka. Nakutumia risiti pamoja na karatasi yake. Na kusema kweli, ile saa moja ya Ijumaa jioni supamaketi ndiyo saa pekee ambayo sisikii mtu akiniita mama. Mama Wawili, Mbezi Beach.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa na risiti zako jioni mbili, chai pembeni na kikokotoo mkononi (cha hesabu, si kile cha mafao ya kustaafu). Kabla ya yote nikuambie kwamba karatasi ya shemeji si ya kudharau. Mtu aliyefika Tandale, akaulizia mchele wa aina tatu na kuandika bei za maduka mawili tofauti kando ya kila aina, hakuwa anatafuta ugomvi. Wanaume wengi wanaokuja kwangu kulalamikia matumizi ya nyumbani ukiwauliza kilo ya maharage ni shilingi ngapi wanatazama dari. Huyu wako anajua mpaka bei ya chumvi. Amekosea, lakini si pale ulipodhani.

Mimi mwenyewe niko pande zote mbili. Nimefanya kazi benki miaka kumi na minne na nimesukuma toroli za supamaketi nikiwa na viatu virefu na hasira za meneja. Lakini kabla ya hapo nililelewa nyuma ya meza ya nyanya, soko la Ilala, mama yangu akiwa mbele ya meza hiyo. Kwa hiyo ukinitajia soko sioni kizungu wala kiswahili, naona hesabu.

Nimezigawa zile 780,000 mafungu manne.

Fungu kubwa ni la vitu vikavu: mchele, sembe, ngano, maharage, sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai, sabuni, karatasi za chooni. Hapo mmetumia 310,000, na hapo shemeji yuko sahihi kabisa. Mchele wa pakiti mnanunua 3,800 kwa kilo, yeye ameupata kwa 2,900. Kwa kilo 20 za mwezi hiyo ni 18,000 mnayoiacha bure. Sembe kilo 15, kutoka 1,900 hadi 1,500, mnaokoa 6,000. Maharage kilo 6, kutoka 4,000 hadi 3,000, 6,000 nyingine. Madumu mawili ya mafuta ya lita tano, 7,000. Sukari karibu sawa kila mahali, kilo 6 zinawapa 1,800 tu. Sabuni na vingine vyote kwa pamoja 15,200. Jumla 54,000.

Tofauti hiyo haina maana kwamba supamaketi inawaibia. Mle ndani kuna kodi ya jengo, umeme wa majokofu, mlinzi, kiyoyozi, na mchele umefungwa kwenye pakiti yenye picha. Wa Manzese anakufungulia gunia, anapima, anapokea hela taslimu, na kesho gunia hilo limeisha. Faida yake kwa kilo ni ndogo, ila kilo anazouza ni nyingi. (Naye anapaswa kukupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Idai, hata akikuna kichwa.)

Angalizo langu ni kwenye mchele. Kila mchele wa Dar es Salaam ukiuuliza unatoka Kyela, kule kwenye mchele unaosifika. Ukweli ni kwamba gunia moja linaweza kuwa limechanganywa la Kyela na la kwingineko, chenga zikiwa chini. Mwambie shemeji asinunue kilo 20 siku ya kwanza. Achukue kilo mbili, mpike, mle, ndipo arudi. Na aingize mkono mpaka katikati ya gunia, maana juu wameshapanga sura.

Fungu la pili ni mboga, nyanya, vitunguu, viazi, ndizi na matunda: 165,000. Karatasi inasema sokoni mtapata vyote hivyo kwa 95,000, yaani mtaokoa 70,000. Bei alizoandika ni za kweli. Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, mkungu ukiununua asubuhi gari likishusha ni bei ambayo supamaketi haiwezi kuiota. Tatizo ni kwamba bei hizo ni za mkungu mzima, za sado nzima, za gunia la viazi. Nyumba yenu ina watu watano, wawili kati yao watoto.

Nikueleze sado, kwa sababu shemeji ameandika "nyanya sado 2" kama vile sado ni kilo. Sado ni ile ndoo ndogo ya rangi ya lita nne. Inapima ujazo, haipimi uzito. Nyanya kubwa zikipangwa zinaacha matundu katikati, ndogo zinajaa vizuri, kwa hiyo sado mbili zenye sura moja zinaweza kutofautiana kwa nusu kilo. Halafu kuna sado yenye kitako kilichogongwa kwa nyundo kikapanda juu. Ukiijaza inaonekana imefurika, chini kuna hewa. Pale Ilala ziliitwa majina mengi. Sitasema mama yangu alikuwa nayo, wala sitasema hakuwa nayo. Ninachokumbuka ni kwamba kulikuwa na ndoo mbili chini ya meza, na mimi niliambiwa nisiguse ya kushoto. Mteja aliyekuja na kimizani chake cha kuning'iniza alipimiwa kwa ya kulia bila maneno.

Basi nyanya sado mbili zikifika Mbezi Beach Jumamosi, Jumatano zimeanza kulainika, Ijumaa dada anazitupa na hasemi. Kwenye risiti zenu za supamaketi mnanunua nyanya nusu kilo, kilo moja, bei juu, lakini zote zinaingia sufuriani. Nimekadiria mtakachotupa kwa mwezi kuwa 25,000, na hapo nimewahurumia.

Fungu la tatu ni nyama, kuku, samaki, maziwa na mayai, 175,000. Karatasi inaokoa 35,000. Hapa sina mengi: bucha safi mtaani kwenu lenye mizani inayoonekana litawapa nyama kwa bei nafuu kuliko ile iliyofungwa kwenye sahani ya plastiki, na hakuna haja ya kwenda machinjioni Vingunguti kwa ajili ya kilo sita za nyama. Maziwa endeleeni kununua mnaponunua.

Fungu la nne ndilo lililonichekesha, kwa sababu shemeji hakulichambua kabisa. Juisi za boksi, biskuti, mtindi wa vikombe, nafaka za watoto za boksi lenye katuni, mishumaa yenye harufu ya vanila, soksi, bakuli la udongo. Jumla yake kwa mwezi ni 130,000. Yeye aliandika chini kabisa "mengineyo, punguzo 41,000", na hilo ndilo lililofikisha hesabu yake kwenye 200,000 kamili. Namwelewa: aliwaza kwamba Tandale hakuna mishumaa ya vanila, basi haitanunuliwa.

Na ana hoja. Zamani duniani kote ulisimama mbele ya kaunta, ukamwambia muuzaji unataka nini, akakuletea, kama tunavyofanya kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, mpaka leo. Mwaka 1916 mtu mmoja aitwaye Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly kule Memphis, Marekani, akawaruhusu wateja waingie wenyewe kwenye rafu. Mwaka 1937 Sylvan Goldman, mwenye maduka Oklahoma, akaleta toroli la magurudumu, maana aliona watu wanaacha kununua kikapu kinapokuwa kizito. Kwa Mangi unasema "naomba sukari robo na kiberiti" ukaondoka na sukari robo na kiberiti. Kwenye rafu jicho ndilo linaloagiza, na toroli halilalamiki uzito. Mkate na maziwa viko mwisho wa duka ili upite kwanza kwenye vyote usivyovihitaji.

Lakini pesa hiyo ya fungu la nne haiokolewi na kuhama duka. Inaokolewa na kuamua, na uamuzi huo mnaweza kuufanya bila kwenda popote.

Sasa tuisafishe karatasi. Anasema 200,000. Kila Jumamosi mtachoma mafuta ya gari kwenda Tandale na Mabibo, mtalipa maegesho, mtamlipa mbeba mzigo. Nimeweka 14,000 kwa safari, safari nne ni 56,000. Toa na zile 25,000 zitakazooza. Inabaki 119,000. Katika hiyo, 41,000 ni ya kutonunua mishumaa, haihusiani na soko. Kwa hiyo soko lenyewe linawapa 78,000.

Hizo 78,000 mtazipata kwa Jumamosi nne, kila moja saa tano ukihesabu kwenda, kuzunguka, kubishana bei, kurudi, kuchambua na kupanga kwenye friji. Saa ishirini. Ni shilingi 3,900 kwa saa, na hapo nimehesabu saa zako peke yako. Ukiweka na za shemeji ni 1,950. Mshahara wako ukiugawa kwa saa za kazi za mwezi, mwajiri wako anakulipa karibu 8,000 kwa saa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ukikaa nyumbani Jumamosi kuna mtu atakulipa 8,000 kwa saa ya kusukwa nywele. Na kama nyumba yenu ingekuwa inaingiza 600,000 kwa mwezi, ningekuambia vaa kandambili twende Mabibo, 78,000 ni ada ya mtoto. Mama yangu alikuwa na wateja waliotembea kutoka Buguruni mpaka Ilala kuokoa nauli, na hawakuwa wajinga. Ninachosema ni kwamba kwenye karatasi ya shemeji saa hizo ishirini zimeandikwa sifuri. Hazijaandikwa popote. Hilo ndilo kosa lake, na ndilo lililokufanya useme neno "kuli" ingawa hukujua kulieleza vizuri.

Kosa hilo si lake peke yake, ni la nchi nzima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamwekea mume wajibu wa kumpatia mke makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Hela ya chakula sheria imeiona mapema. Kazi ya kukigeuza kiwe chakula mezani ilichukua muda zaidi: ni mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ndipo Mahakama ya Rufani ilipokubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango wake katika mali ya ndoa. Sikutajii kesi hii ili ukamtishe mtu nayo, na tafadhali usiipeleke mezani kwenye chakula cha usiku. Nimeitaja kwa sababu kama majaji walihitaji kukaa na kulitafakari, shemeji naye anastahili kuelezwa taratibu.

Tuje kwenye yale ambayo hayamo kwenye risiti.

Umeandika mstari mmoja, "mwaka huu kazini kwao bonasi haikutoka", ukaendelea na mengine. Mimi nilisimama hapo. Mnaingiza 3,300,000 kwa mwezi na chakula pamoja na vifaa vya nyumbani ni 780,000, chini kidogo ya robo. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alipochunguza bajeti za familia aliona kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyokwenda kwenye chakula. Nyumba inayotumia robo kwa chakula haijafika pabaya. Kwa hiyo hofu ya shemeji sidhani kama ni ya mchele. Mtu ambaye kwa miaka sita hakuuliza bei ya chochote, kisha mwezi mmoja anazunguka masoko matatu na kalamu, amepigwa mahali. Inawezekana bonasi ndiyo iliyokuwa ikilipa ada ya Januari. Inawezekana kuna mkopo ambao hujaambiwa, au kuna nyumba ya kijijini aliahidi kuipaua. Sijui, na sitaki kumzulia. Ninachojua, kutoka miaka ile ya benki, ni kwamba mwanaume anayeona aibu kusema "nimepungukiwa" husema "tunatumia vibaya". Huo ni uoga uliovaa suti. Wewe ulimwambia "kama hela haitoshi aseme", na huenda ulikuwa sahihi kabisa, ila ulilisema kama kofi, na mtu aliyepigwa kofi hafungui mdomo.

Mstari wa pili ni ule wa mwisho. Saa moja ya Ijumaa ambayo huitwi mama. Umeutupia mwishoni kana kwamba ni kichekesho, lakini mimi nadhani huo ndio unaoutetea. Huitetei supamaketi. Shoprite ilituuzia miaka mingi, mwaka 2014 ikaondoka, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt. Uchumi wakafunga mwaka 2015. Nakumatt nayo ikafa. Wakazi wa jiji hili wamehamishwa supamaketi mara tatu bila kuulizwa na hakuna ndoa iliyovunjika kwa hilo. Wewe unatetea kiyoyozi, muziki wa polepole, na kusimama dakika kumi mbele ya mishumaa ukinusa mmoja mmoja bila mtu kukuvuta sketi. Mumeo hajui. Kwenye karatasi yake saa hiyo inaonekana kama mchele wa 3,800.

Na hapo naomba uwe mkweli kwa nafsi yako pia: bakuli la udongo la 22,000 kwenye risiti ya tarehe 14 hukulihitaji. Ulikuwa umechoka. Nami ninalo kabatini, la namna hiyohiyo.

Sasa nini kifanyike. Vitu vikavu hamieni jumla, mara moja kwa mwezi, na aende shemeji. Yeye ndiye aliyezijua bei, wenye maduka wameshamzoea sura, na kubeba gunia ni rahisi kwake kuliko kwako. Mpe orodha iliyoandikwa uzito, si "mchele wa kutosha". Ukitoa mafuta ya gari, mnabaki na 40,000 kwa asubuhi moja. Unga msirundike, hasa mkila dona, maana inachacha upesi, na mchele ukiingia fukusi faida yote imekwenda. Kama jirani yako naye anapiga hesabu hizihizi, gawaneni gunia. Wake wa mtaa wangu watatu tunafanya hivyo, na ugomvi wetu pekee ni nani atabaki na gunia tupu.

Mboga na matunda chukueni genge la karibu, mara mbili kwa wiki, anayetumwa ni dada wa kazi mwenye hela iliyohesabiwa. Bei ya gengeni si ya Mabibo, ni kweli, mwenye genge naye aliamka saa tisa usiku kwenda huko na lazima ale. Lakini ni chini ya supamaketi, na haitupwi. Nimekadiria mtaokoa 30,000. Nyama kwenye bucha, shemeji akitoka kazini, 20,000. Hapo mna 90,000, zaidi ya zile 78,000, kwa asubuhi moja badala ya nne.

Fungu la nne msilifute. Likatwe 30,000, libaki 100,000, na kati ya hiyo nyinyi wawili kila mmoja awe na kiasi chake ambacho hakiulizwi. Akitaka kununua karanga za kukaanga za bei ya ajabu, ni zake. Ukitaka mshumaa, ni wako. Jumla ya yote ni 120,000. Karatasi ya shemeji baada ya kusafishwa ilikuwa 119,000. Sikupanga itokee hivyo, nimerudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Supamaketi ya Ijumaa inabaki. Maziwa, mtindi, juisi mbili, na vile vya fungu la nne. Chukua kikapu cha mkononi, usichukue toroli. Na ukiwa pale, kabla ya kuweka kitu kikapuni gawa bei kwa gramu, hasa vitu vya pakiti, kwa sababu pakiti kubwa si lazima iwe nafuu, na kinacholingana na macho yako kwenye rafu hakikuwekwa hapo kwa bahati. Inama uangalie rafu ya chini.

Bei hizi zote zina uhai mfupi. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipanda mpaka serikali ikatangaza bei elekezi, kwa sababu mvua kubwa zilisimamisha viwanda. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya mafuta ya kula, ambayo sehemu kubwa tunaagiza nje. Kwa hiyo karatasi ya shemeji isitundikwe ukutani kama Katiba. Iangaliwe kila baada ya miezi mitatu, na yeye ndiye aiandike, maana anapenda.

Limebaki la kuongea. Usianze na hesabu zangu. Ukimwekea mezani 3,900 na 1,950 atasikia kwamba umeenda kumshtaki kwa mtu wa nje, na ni kweli umeenda. Anza na Tandale. Mwombe akusimulie alivyozunguka, nani alimdanganya, mchele upi ulinukia. Mwanaume aliyefanya utafiti na hakuna aliyemuuliza hata swali moja ni sawa na aliyepika na hakuna aliyeonja. Akishamaliza, mwambie lile neno la kuli lilikutoka vibaya. Yeye la kizungu atalirudisha mwenyewe, mpe siku mbili tatu. Kisha uliza, kwa sauti ya kawaida, watoto wakiwa wamelala na televisheni imezimwa: "Bonasi ilikuwa ya nini mwaka huu?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Wewe kwa uandishi wako naona unajaza nafasi haraka.

Na ile saa ya Ijumaa mwambie ilivyo, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Usiifiche nyuma ya ubora wa mboga, kwa sababu mboga za pale, mdogo wangu, nimeziona kwenye risiti: mchicha fungu moja 1,500.

Jumamosi hii mwache aende Manzese peke yake na kimizani cha kuning'iniza mfukoni. Wewe kasuke. Akirudi, pimeni mzigo pamoja pale jikoni, na kama umepungua msigombane, mcheke, halafu mwezi ujao ahamie duka la pili kwenye orodha yake.